Mpya ya boksini, Ex-UK, au ile kubwa ya mezani?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Sisi twaishi Mkomani, Lamu. Nina watoto watatu, mkubwa yuko sekondari na kazi za shule sasa zataka kompyuta. Mimi nashona kofia za vito na kuziuza kwa picha mtandaoni, na ningependa hesabu zangu zitoke kwenye daftari. Nina shilingi 45,000, zamu yangu ya chama, sitaki kuzitupa baharini. Nimepata tatu. Mombasa kuna laptopu mpya ndani ya boksi, Celeron, ramu 4, hifadhi 64, kwa 34,000. Malindi kuna ThinkPad T480 ya Ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, i5, ramu 8, SSD ya 256, kwa 36,000. Na hapa hapa Lamu kuna mtu anauza kompyuta ya mezani ya i7 pamoja na monita, kwa 24,000. Mume wangu asema mpya ni mpya. Kaka yangu asema i7 ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo rahisi. Nishike ipi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nikupe jibu kabla hujachoka kusoma: chukua ThinkPad ya Malindi, lakini usitoe hata shilingi kabla hujaikagua kwa macho yako, na zile 9,000 zitakazobaki usizimalize siku hiyo hiyo. Mumeo na kakako kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, ndiyo maana wamekuchanganya, kwa hiyo acha nieleze.

Anayenunua jahazi kuukuu hashughuliki sana na tanga. Tanga likipasuka hushonwa jingine. Huinama, akagonga mbao, akautazama mkuku, kwa sababu mkuku ukioza hakuna cha kushona. Kompyuta naipima vivyo hivyo. Kuna vitu vinavyobadilishwa baadaye kwa bisibisi na nusu saa ya fundi: betri, SSD (diski ya kuhifadhia faili), ramu ya kuchomeka (kumbukumbu ya kufanyia kazi), hata kibodi. Na kuna vitu ambavyo ukishanunua, umenunua: prosesa ya laptopu, yaani ubongo wake, ramu iliyolehemewa kwenye bodi, na kioo pia, maana kioo hubadilishwa lakini kwa bei inayouma. Pesa yako iende kwenye hivi vya pili. Vile vya kwanza vinunue hata vikiwa vya wastani, utaongeza Mungu akijaalia.

Sasa tazama ile mpya ya boksini kwa jicho hilo. Hukuniandikia namba kamili ya Celeron, ile prosesa ya bei nafuu, lakini kwa hesabu hizo za 4 na 64 mara nyingi huwa N4020 au ndugu yake wa karibu. Hiyo ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Microsoft wenyewe wameweka kiwango cha chini kabisa cha Windows 11 kuwa ramu GB 4 na hifadhi GB 64. Yaani mashine hiyo ingali ndani ya boksi, haijafunguliwa, na tayari imesimama kwenye sakafu. Hakuna pa kushukia. Windows na masasisho yake hukalia karibu nusu ya hizo 64 kabla mwanao hajaandika jina lake. Na hiyo hifadhi si SSD ya kuchomoa. Ni eMMC, aina ile inayowekwa kwenye simu za bei nafuu, imelehemewa kwenye bodi. Ikijaa imejaa, ikifa imekwenda na bodi yake.

Mtego huu naujua kwa sababu niliuingia mwenyewe, na mimi ni fundi. Binti yangu alipokuwa anaenda chuo nilimnunulia moja ya hivi katika duka moja la Mombasa. Harufu ya boksi jipya ilinilevya. Miezi minane haikutimia, akaanza kuniletea picha za skrini: nafasi haitoshi, sasisho limeshindikana, chomeka flashi. Siku aliyokuja likizo nikaifungua juu ya meza yangu. Nilikuta bodi ndogo kama kiganja cha mtoto, ramu imelehemewa, hifadhi imelehemewa, na sehemu yote iliyobaki ni betri na hewa. Nilikaa na bisibisi mkononi sina pa kuitia. Leo mashine ile ina Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kazi yake ni kusoma Qur'ani kwenye karakana yangu kutoka asubuhi hadi nifunge. Kwa kazi hiyo haina kosa.

Mumeo ana haki katika jambo moja: kitu kipya kina betri mpya, hakina jasho la mtu, na kina garantii. Lakini garantii ipime kwa safari. Garantii iliyoko Mombasa, kwa mtu wa Lamu, ni boti mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, kisha usiku wa kulala kwa jamaa, kisha uambiwe urudi wiki ijayo. Watu wengi niliowaona huku garantii zao hufa kabla ya mashine, kwa sababu nauli na siku mbili za kazi zimezidi thamani ya matengenezo. Mashine ambayo vipuri vyake vimejaa sokoni na fundi yeyote anajua kuifungua, hiyo ndiyo garantii ya kisiwani. Ungekuwa na 80,000 hivi ningekuambia nunua mpya bila wasiwasi, tungechagua nzuri. Kwa 34,000, mpya unayolipia ni boksi.

Kakako naye. i5 na i7 ni ngazi za prosesa; amesikia i7 akaona saba ni kubwa kuliko tano, na hesabu yake ingekuwa sahihi kama kompyuta zote zingetengenezwa mwaka mmoja. Baada ya kistari cha i7 au i5 kuna namba, na tarakimu ya mwanzo ya namba hiyo ndiyo kizazi. i7-3770 ni kizazi cha tatu, ilitoka 2012. i5-8350U, aina inayopatikana kwenye T480, ni kizazi cha nane, ilitoka 2017. Zikifika kizazi cha kumi na kuendelea, utasoma tarakimu mbili za mwanzo. Zote mbili nilizotaja zina viini vinne na njia nane za kazi, na kwa kazi za nyumbani hazipitani sana. Tofauti ni kwamba ile ya 2012 imepimwa kwa wati 77 na ya 2017 kwa wati 15. Kwa bei ya 24,000 na monita juu yake, nakisia ya kakako ni kizazi cha tatu au cha nne. Mwambie muuzaji awashe, aingie kwenye mipangilio ya mfumo, asome namba mbele yenu. Kibandiko cha nje msikiamini; vibandiko vinauzwa kwa karatasi nzima.

Kama ni cha tatu au cha nne, Windows 11 haikikubali rasmi. Windows 10 ndiyo kikomo chake, na Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika kesho. Ila mianya ya usalama inayogunduliwa haizibwi kama zamani, na wewe utakuwa unaingia humo kwenye eCitizen, barua pepe na pesa za wateja wako. Kuna mafundi watakaokuambia watailazimisha ikubali Windows 11. Inawezekana, nimefanya, na nimeona sasisho likaja likaigomea baadaye. Kuna pia njia ya heshima ya kuweka Linux Mint, ambayo ni bure na nyepesi, na LibreOffice yake, programu za kuandikia na za hesabu, inatosha kabisa hesabu za kofia. Ungekuwa peke yako ningekushawishi. Mtoto wa shule anayeletewa faili za Word na mwalimu, na kutakiwa afungue vilevile zilivyopangwa, atakulalamikia.

Halafu kuna stima. Kompyuta ya mezani ya umri huo pamoja na monita hula kama wati 90 ukiwa unaandika tu. Laptopu ya T480 hula kama 15. Tuseme nyumba yenu ya watoto watatu inaitumia saa sita kwa siku. Kwa siku 30, ya mezani itakula yuniti 16 na kitu, laptopu yuniti 2 na kitu. Zidisha tofauti hiyo, kama yuniti 13, kwa bei unayonunulia tokeni zako, kisha zidisha kwa miezi 12. Utaona ile 12,000 uliyookoa inavyorudi kidogo kidogo kwenye mita. Na stima ikikatika, jinsi inavyokatika, laptopu inaendelea na betri yake na mtoto anahifadhi kazi. Ya mezani inazima katikati ya sentensi, mpaka ununue UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na UPS nayo ina betri inayokufa.

Kitu cha mwisho kuhusu hiyo ya mezani ni chumvi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mashine nyingi za Lamu zinapofia. Juzi nililetewa moja kutoka nyumba inayotazama bahari. Malalamiko: inawaka, kioo hakionyeshi kitu. Nilipotoa ubavu wake nilikuta vumbi la chokaa limeshikana na unyevu likawa ukoko kwenye mapanga ya feni, kama ukoko wa chini ya sufuria. Matundu ya USB ya nyuma yamevaa kutu. Nikachomoa ramu, miguu yake ya dhahabu ilikuwa na madoadoa ya kijani. Nilichukua raba ya penseli, ile ya wanafunzi, nikasugua taratibu pande zote mbili, nikafuta kwa spiriti, nikarudisha. Ikawaka. Mwenyewe alifurahi sana, lakini nilimwambia ukweli kwamba kijani kile kimeanza pia kwenye bodi, na huko raba haifiki. Boksi kubwa lenye feni mbili tatu huvuta upepo wa bahari mchana kutwa. Laptopu nayo huvuta, ila kidogo, na ukimaliza unaifunga.

Kwa hiyo tumebaki na ThinkPad. T480 ni mashine ya 2018, zilitumika sana maofisini Ulaya, ndiyo maana zimefurika huku. Ina nafasi mbili za ramu ya kuchomeka, SSD yake inatoka, kibodi yake ndiyo nzuri kuliko zote unazoweza kupata kwa bei hiyo, na ina betri mbili: moja ndogo ndani, na nyingine inachomoka chini bila bisibisi, unasukuma vifungo viwili tu. Hilo la betri kwa kwetu ni neema. Ikichoka unaagiza nyingine, unajichomekea mwenyewe sebuleni.

Lakini jina T480 halitoshi, na hapa wengi hulizwa. T480 zilitoka za kizazi cha nane, na zilitoka pia chache za kizazi cha saba, kwa umbo lile lile na kibandiko kile kile cha i5. Ya kizazi cha saba, tuseme i5-7300U, ina viini viwili badala ya vinne, na Windows 11 haiitambui rasmi. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukifika dukani, kitu cha kwanza kabla ya kukaa: soma namba. Ikianza na 8, kaa kitako. Ikianza na 7, shukuru utoke, hata wakikupunguzia elfu tano.

Cha pili ni kioo, na kwako wewe mwenye biashara ya picha nakiweka juu kuliko ramu. Kuna T480 zenye kioo cha nukta 1366 kwa 768, na kuna zenye 1920 kwa 1080. Ile ya kwanza ni hafifu, rangi zake hubadilika ukiinamisha kidogo tu. Fanya hivi: beba kofia moja nyeupe yenye vito vya kahawia, ipige picha kwa simu, ifungue picha hiyo kwenye mashine. Itazame ukiwa umekaa sawa, kisha simama, kisha sogea kando. Kama nyeupe inageuka kijivu au njano kila unaposogea, utawauzia wateja rangi isiyo yako na watakurudishia mzigo. Fungua pia ukurasa mweupe mtupu, mwangaza juu kabisa, utafute madoa meusi au kivuli cha kidole kilichokandamiza.

Betri: mwambie muuzaji afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti, na humo kila betri ina namba mbili, uwezo wake ilipotoka kiwandani na uwezo inaoufikia sasa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ikifika asilimia 80 ni nzuri, 60 inavumilika na unaomba punguzo, chini ya hapo hesabu kwamba unanunua mashine bila betri na bei iseme hivyo. Muuzaji akikataa kuiandika amri hiyo, amekwisha kukujibu.

Izime, uiwashe, umwombe aingie kwenye BIOS, ule ukurasa wa mwanzo kabla ya Windows. Mashine za ofisi wakati mwingine huachwa na nenosiri la kampuni iliyozitupa. Ukifungiwa huko, siku ya kubadilisha mfumo utakuwa na tofali. Baada ya hapo ni mambo ya mkono tu: gusa kila herufi ya kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu, chomeka chaja uitikise kidogo uone kama inakata (T480 huchajiwa kwa tundu la USB-C, na likilegea ni tabu), fungua na kufunga bawaba zake usikilize kama zinalia. Usione haya. Samaki sokoni si humfunua shavu ukatazama wekundu?

Zile ramu 8 zinakutosha kuanzia. SSD ya 256 pia. Watoto wakianza kulalamika mwakani, utachomeka ramu nyingine ya 8 kwenye nafasi ya pili, kama iko wazi. Uliza hilo pia: kama ni kipande kimoja cha 8 au viwili vya 4. Kimoja ni bora, maana cha pili hakikulazimishi kutupa cha kwanza.

Sasa hizo 9,000. Nunua kwanza kilinda umeme cha kuaminika, maana stima ikirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na chaja ndiyo hupokea kofi. Nunua na diski ya nje au walau flashi kubwa, kila Ijumaa unakili hesabu zako na picha za kofia humo, uiweke mbali na mashine. SSD ikifa haigugumii kwanza kama diski za zamani zilivyokuwa zikigongagonga. Huamka siku moja haipo. Kinachobaki kiweke kando, ni cha betri ya pili.

Nyumbani, usiiweke kwenye zidaka, zile shubaka za ukutani. Najua ndipo inapopendeza, lakini kuta zetu za mawe hutoa jasho, hasa masika, na kitu kilichoegemezwa ukutani hunywa. Iweke mezani, katikati ya chumba, mbali na dirisha linalopokea upepo wa kusi. Iwashwe kila siku hata saa moja, ule ujoto wake hukausha unyevu. Mashine ninazozikuta na kutu mbaya zaidi ni zile zilizofungiwa kabatini zikingoja wageni. Zile pakiti ndogo zinazokuja ndani ya viatu vipya, zikusanye uzitie kwenye mfuko wake. Mchele usitie, unga wake huingia kwenye feni. Na watoto wasiiweke juu ya godoro, matundu yake ya hewa yako chini.

Kijana wako atauliza kuhusu gemu. Ndogo ndogo itacheza, za mpira za miaka iliyopita itacheza kwa shida kidogo, kubwa za sasa haiwezi. Mwambie mapema.

Na siku ukitoka nayo Malindi, izime kabisa, itie kwenye mfuko wa nailoni, kisha ndani ya mkoba wake. Mokowe, boti ikiondoka, wale wa mbele hurushiwa maji. Kaa nyuma karibu na nahodha, uipakate mapajani. Si bure wenzetu wameiita kipakatalishi. Ukifika nyumbani itoe kwenye nailoni mara moja, iache mezani saa moja ipumue, ndipo uiwashe.